Maswali ya Wasomaji: Tovuti ya Biashara Ndogo Ni ya Nini, na Ni Mali ya Nani?

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii zimegusa jambo moja: iwapo mtu mwenye biashara ndogo, asiye na idara ya masoko wala mtaalamu wa kompyuta aliyeajiriwa, ana sababu ya kutosha ya kuwa na tovuti yake mwenyewe wakati mitandao ya kijamii ipo na kufungua ukurasa huko hakugharimu kitu. Nimechagua barua nne zinazolizunguka jambo hilo kutoka pande mbalimbali.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni seremala na nina karakana yenye mafundi watatu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiweka picha za kazi zetu kwenye ukurasa wangu wa mtandao wa kijamii. Nina wafuasi zaidi ya elfu nne, na oda nyingi hunijia kwa ujumbe wa simu. Mwanangu ananishikilia nitengeneze tovuti. Mimi namjibu kwamba wahenga walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama meza zangu ni nzuri na watu wanaziona, tovuti itaniongezea nini?
*Seremala*

JIBU: Ndugu Seremala, methali uliyoitumia ni ya kweli, lakini ilizaliwa sokoni, mahali ambapo mnunuzi husimama mbele ya bidhaa, akaishika, akaigeuza na kuigonga kwa vidole kabla ya kutoa fedha yake. Chema hujiuza kikionekana. Ubora wa meza zako siutilii shaka. Ninachokuuliza ni nani anayeamua zionekane lini, na kwa nani. Kwa sasa anayeamua si wewe.

Wafuasi wako elfu nne si daftari la wateja. Huna namba zao, pengine hata majina yao halisi huyajui, na huwezi kuwafikia mpaka kampuni inayomiliki mtandao huo ikubali kuwaonyesha ulichochapisha. Mwezi Januari 2018, Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa za biashara na vyombo vya habari, na wengi waliokuwa wamezitegemea kurasa hizo walikuta machapisho yao yakiwafikia watu wachache zaidi ingawa hawakuwa wamekosea lolote. Tarehe 4 Oktoba 2021, hitilafu iliyotokea wakati wa matengenezo ya kawaida ya mitambo iliziondoa hewani Facebook, Instagram na WhatsApp kwa saa sita hivi, dunia nzima. Mfikirie mteja aliyekuwa njiani kuja karakanani siku ile, ambaye maelekezo ya kufika na maelewano yote ya oda yake yalikuwa ndani ya mazungumzo ya WhatsApp.

Saa sita zinavumilika. Zipo huduma ambazo hazikurudi kabisa. GeoCities, iliyokuwa makazi ya kurasa za mamilioni ya watu, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009, ikabaki Japani peke yake hadi nako ikafungwa mwaka 2019. Vine, mtandao wa video fupi, ilifungwa Januari 2017, na Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida mwezi Aprili 2019. Hata zile tovuti ndogo za bure ambazo Google ilikuwa ikiwapa wenye biashara kupitia wasifu wao wa biashara zilizimwa mwezi Machi 2024, na aliyekuwa amechapa anwani hiyo kwenye kadi na bango lake ilimbidi aanze upya. Siwalaumu wenye huduma hizo. Nyumba ni yao, na mwenye nyumba ana haki ya kuvunja ukuta wake. Ni juu ya mpangaji kukumbuka kwamba yeye ni mpangaji.

Wavuti yenyewe, yaani mfumo mzima unaobeba tovuti zote, haina mwenye nyumba wa namna hiyo. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliuachia umma teknolojia yake itumike bila malipo. Kwa sababu hiyo tovuti yako leo inaweza kukaa kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhi tovuti, za kampuni moja, na mwakani ukiona huduma haikuridhishi ukaihamishia kwa nyingine, huku mteja akiandika anwani ile ile na kukuta mlango ule ule. Ukurasa wa mtandao wa kijamii hauhamishiki hivyo. Ukiondoka, watu wako wanabaki.

Hiyo ni hoja ya usalama, lakini naamini ya kazi ya kila siku ina uzito zaidi. Chapisho huzama. Ile meza ya watu sita uliyoipiga picha miezi minane iliyopita, ambayo watu waliisifu, iko chini ya machapisho mia mbili, na hakuna mteja atakayeteremka hadi huko saa nne usiku akiwa amejilaza na simu mkononi. Atakachofanya ni kukutumia ujumbe wa neno moja, "Bei?", nawe utaujibu kesho asubuhi ukiwa na randa mkononi, kisha utamjibu hivyo hivyo wa pili, wa tano na wa kumi, mpaka siku moja uchoke na kumjibu mmoja wao kwa mkato, na huyo huyo awe ndiye aliyekuwa na fedha tayari.

Kwenye tovuti, meza ile inakuwa na ukurasa wake, na ukurasa huo hauzami. Unaandika kwamba ina urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75. Unataja aina ya mbao na jinsi ilivyokaushwa, unaeleza kama miguu imeungwa kwa ulimi na tundu au kwa skrubu, na kwa nini ulichagua hivyo. Unasema kazi huchukua wiki ngapi tangu malipo ya awali, nani hubeba gharama ya usafiri, na mteja aifute kwa kitu gani ili rangi isififie. Unaweka picha ya juu, ya ubavuni, na moja ya karibu kabisa inayoonyesha kiungo cha kona, kwa maana hapo ndipo mjuzi hutazama kwanza. Aliyesoma ukurasa huo hatakuuliza kama mnatengeneza meza. Atakuuliza, "Ile ya sentimita 180 inaweza kupunguzwa ikawa 160, maana chumba changu ni chembamba?" Huyo amekwisha kuamua kununua, na kilichobaki ni vipimo.

Mwanao yuko sahihi, lakini asikushawishi uufunge ukurasa wako wa mtandao wa kijamii. Endelea nao, kwa kuwa watu wapo kule na ndiko wanakozungumza. Ila kila unapoweka picha mpya, weka pamoja nayo kiungo cha ukurasa wa kazi hiyo kwenye tovuti yako, ili anayevutiwa barabarani aletwe nyumbani.

SWALI: Ndugu Mwandishi, hongera kwa kazi nzuri. Mimi ni mshonaji wa nguo na nafanya kazi peke yangu. Tovuti ninazoziona za kampuni zina kurasa nyingi na picha zinazotembea, nami sina muda wala sijui niandike nini. Nikiwa na ukurasa mmoja tu, si nitachekwa?
*Mshonaji*

JIBU: Dada yangu, hakuna atakayekucheka. Ukurasa mmoja uliokamilika hufanya kazi kuliko kurasa kumi na mbili ambazo nusu yake zimeandikwa "inakuja hivi karibuni". Mteja anayekutafuta ana maswali machache, na ukimjibu kwa mfuatano ambao yeye mwenyewe angeuliza, umemaliza: unafanya kazi gani, kazi zako zikoje, inachukua muda gani, malipo yakoje, unapatikana wapi na saa ngapi, na akupate kwa njia ipi.

Kuhusu usichokijua kukiandika, tatizo mara nyingi ni kwamba mtu akikaa kuandika habari za biashara yake huacha kuzungumza kama mtu. Huandika hivi: "Karibu sana kwetu, sisi ni mabingwa wa mitindo, tunatoa huduma bora, za uhakika na za kisasa kwa bei nafuu." Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye mlango wa biashara yoyote na haitakuwa uongo wala kweli. Sasa fikiri mteja amekaa mbele yako na kitambaa chake mapajani, halafu uandike vile ambavyo ungemwambia kwa mdomo: "Nashona magauni na sare za ofisi. Huchukua vipimo mara moja, unakuja kujaribu baada ya siku kumi, na nguo hukabidhiwa ndani ya wiki tatu. Ikikubana au ikilegea, marekebisho ya kwanza hayana malipo. Sishoni suti za wanaume." Sentensi ya mwisho hapo usiione ndogo. Inamwokolea muda asiye mteja wako, inakuokoa wewe na simu za bure, na inamfanya msomaji aamini zile zilizotangulia, maana anayetaja asichokiweza huaminika anapotaja anachokiweza.

Picha zako piga mchana karibu na dirisha, nguo ikiwa imevaliwa au imetundikwa vizuri, kisha uzipunguze ukubwa kabla ya kuziweka. Picha inayotoka moja kwa moja kwenye simu janja inaweza kufika megabaiti tatu, nne au zaidi, ilhali kwa ukurasa wa tovuti kilobaiti 200 mara nyingi zinatosha na jicho halitambui tofauti. Ukiweka kumi bila kuzipunguza, mteja mwenye bando dogo ataona skrini nyeupe, atasubiri kidogo na kuondoka, nawe hutajua kamwe kwamba alikuja. Usiandike bei wala namba ya simu ndani ya picha, kama wengi wanavyofanya kwenye matangazo, kwa kuwa mteja hawezi kuibofya apige wala kuinakili, na programu zinazowasomea maandishi watu wasioona zinaweza kuipita kama haipo. Vyote hivyo viwe maandishi ya kawaida.

Kabla ya kuutangaza ukurasa wako, ufungue kwenye simu, tena simu ya kawaida. Google ilikwisha kuhamia kwenye kuzitathmini tovuti kwa sura zinazoonekana kwenye simu, kazi iliyoitangaza mwaka 2016 na kuikamilisha mwaka 2023, kwa hiyo tovuti inayopendeza kwenye kompyuta lakini yenye herufi ndogo zisizosomeka mkononi inajipunguzia nafasi kwa mteja na kwa injini ya utafutaji pia.

SWALI: Ndugu Mwandishi, nina duka la vitabu na vifaa vya kuandikia. Miaka mitatu iliyopita nilimlipa fundi akanitengenezea tovuti nzuri, na wateja waliizoea. Mwezi uliopita imepotea. Nikiandika anwani naambiwa ukurasa haupatikani. Fundi amebadilisha namba ya simu na barua pepe hajibu. Nilimlipa kila senti. Je, tovuti haikuwa yangu?
*Muuza vitabu*

JIBU: Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu nzima juu ya jambo hili. Nimemwambia Seremala hapo juu kwamba tovuti ni nyumba yake mwenyewe. Wewe umekuta kwamba mtu anaweza kulipia nyumba, akaishi ndani yake miaka mitatu, na hati ikawa imeandikwa jina la fundi.

Neno tovuti hufunika vitu vitatu ambavyo kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe. Cha kwanza ni jina, yaani ile anwani ambayo mteja huiandika, na ambayo wataalamu huiita kikoa. Cha pili ni nafasi kwenye seva, kompyuta inayowaka usiku na mchana ambamo mafaili yako yamewekwa. Cha tatu ni mafaili yenyewe, yaani maandishi, picha na programu iliyoyapanga. Ukiwa na jina, seva inaweza kubadilishwa na mafaili yanaweza kutengenezwa upya, hata kama ni kwa uchungu. Ukiwa na vile viwili bila jina, umebaki na duka lililojaa vitabu ambalo mlango wake umepakwa plasta.

Wengi hawaelezwi kwamba jina la tovuti halinunuliwi likawa lako milele. Husajiliwa kwa muda, kuanzia mwaka mmoja, na kwa majina ya kimataifa kama yale yanayoishia na .com hadi miaka 10 kwa mara moja, kisha huhuishwa. Majina hayo ya kimataifa yanasimamiwa na ICANN, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1998, kupitia kampuni zilizoidhinishwa ziitwazo wasajili, ilhali yale yenye herufi mbili za nchi husimamiwa kwa kanuni za nchi husika. Kwa majina ya kimataifa, msajili analazimika kutuma ukumbusho takriban mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, mwingine takriban wiki moja kabla, na mwingine ndani ya siku tano baada ya kwisha. Ujumbe huo hutumwa kwa barua pepe iliyoandikwa wakati wa usajili. Katika habari yako, karibu nina hakika kwamba barua pepe hiyo ilikuwa ya fundi, na vikumbusho vyote vilikwenda kwake wewe ukiwa dukani ukiuza madaftari.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Tovuti yangu ya kwanza ilisajiliwa na kijana mwaminifu kabisa, ambaye hakuniibia kitu. Alipata kazi nyingine, akaacha kuifungua ile barua pepe aliyokuwa akiitumia kwa wateja wake, na jina langu likaisha muda. Niligundua baada ya majuma mengi, nilipompa mtu kadi yangu naye akaniuliza kwa upole kama kweli anwani ile ni yangu. Nilipoifungua nilikuta matangazo ya michezo ya kamari chini ya jina nililolijenga kwa miaka. Sikuweza kulirudisha. Kadi zote zilizobaki nilizitupa, lakini zilizokuwa mifukoni mwa watu sikuwa na la kuzifanya.

Kwako huenda hatujachelewa, kwa hiyo fanya haya leo hii. Ingia kwenye huduma ya kutazama taarifa za usajili wa majina, ambayo kwa majina ya kimataifa hupatikana bure kwenye tovuti ya ICANN, uandike jina lako. Utaona msajili ni kampuni gani, jina limeisha tarehe ngapi, na hali yake ikoje sasa. Jina la kimataifa likiisha muda halichukuliwi siku hiyo hiyo. Kwa kawaida msajili huliweka kwa muda, akilifuta huingia siku 30 ambamo mwenye usajili pekee anaweza kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, na baada ya siku tano nyingine huachiwa yeyote alisajili. Kama ungali ndani ya siku hizo, mwandikie msajili moja kwa moja, ukiambatanisha risiti za malipo uliyomlipa fundi, mawasiliano mliyoandikiana na hati za usajili wa biashara yako. Sikuahidi kwamba atakubali, kwa sababu mbele ya macho yake mwenye jina ni yule aliyeandikwa. Ila msajili aliyepewa ushahidi mapema anaweza angalau kukueleza njia rasmi iliyo wazi kwako. Kama jina limekwisha kuachwa na halijachukuliwa, lisajili sasa hivi kabla hujamaliza kusoma gazeti hili.

Ukilipata, au ukianza na jina jipya, lisajili wewe mwenyewe kwa jina lako au la biashara yako. Tumia barua pepe ambayo unaifungua kila siku na ambayo haitegemei tovuti hiyo hiyo, maana tovuti ikizimika barua pepe inayoishi ndani yake huzimika nayo. Weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kwenye akaunti yako kwa msajili, washa uhuishaji wa moja kwa moja, lipia miaka kadhaa kama mfuko unaruhusu, na uandike tarehe ya mwisho kwenye daftari lako la biashara. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jina la tovuti ni mali. Fundi mpya mpe ruhusa ya kufanya kazi yake, tena anaweza kupewa akaunti yake ndani ya mfumo, lakini nywila kuu ibaki kwako kama funguo za duka zinavyobaki kwako hata ukiwa na muuzaji unayemwamini. Na kila mwezi mtake akukabidhi nakala rudufu ya mafaili yote, uihifadhi mahali ambapo si kwenye seva ile ile.

Ukishakuwa na jina lako, litumie pia kwa barua pepe ya biashara. Shule inayotaka kuagiza vitabu mia tatu itaijibu kwa utulivu zaidi barua iliyotoka kwenye anwani yenye jina la duka kuliko iliyotoka kwenye anwani ya bure yenye tarakimu nyingi, na siku msaidizi wako akiacha kazi, mawasiliano yake na wateja yatabaki dukani.

SWALI: Ndugu Mwandishi, natengeneza majokofu na mashine za kufulia. Nina tovuti tangu miezi mitatu iliyopita na hakuna hata mteja mmoja aliyesema ameniona huko. Kuna mtu amenipigia akiniahidi kuniweka wa kwanza kwenye Google nikimlipa. Pia kivinjari kinaandika kwamba tovuti yangu si salama. Nimepoteza fedha?
*Fundi wa majokofu*

JIBU: Hujapoteza, ila huyo aliyekupigia usimpe kitu. Google yenyewe huwaonya wenye tovuti kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza, na imewahi kueleza kwamba juhudi za kuboresha tovuti mara nyingi huhitaji miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya matunda kuonekana. Miezi mitatu ni mapema.

Lile la usalama ni dogo na lirekebishwe kwanza. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome huiandikia onyo kila tovuti isiyosimba mawasiliano (kuyafunga ili asiyehusika asiyasome), yaani ile ambayo anwani yake haianzi na https. Cheti kinachohitajika hutolewa bure na shirika liitwalo Let's Encrypt, na kampuni nyingi za seva hukiwasha kwa kubofya mara moja. Mteja ambaye jokofu lake limekufa ana wasiwasi wa kutosha, asikutane na onyo jingine mlangoni kwako.

Kisha angalia kama injini ya utafutaji inakujua. Injini hizo hutuma programu za kutembelea kurasa, huziorodhesha, halafu mtu akiuliza ndipo zinapopanga zipi zijibu. Asiyekuwapo na lake halipo: ukurasa ambao haujaorodheshwa hauwezi kutokea hata ungekuwa mzuri namna gani. Google ina chombo cha bure kiitwacho Search Console ambacho hukuonyesha kurasa zako zipi zimeorodheshwa, na watu walikuwa wameandika maneno gani ulipotokea mbele yao. Maneno hayo yasome kwa makini, kwa sababu ni sauti ya wateja ambao bado hujaonana nao.

Nakisia tovuti yako ina kichwa kinachosema "Karibu" au "Nyumbani", na ukurasa wa huduma ulioandikwa "tunatengeneza vifaa vyote vya umeme". Mteja haulizi hivyo. Mteja huandika "jokofu halipozi lakini taa inawaka" au "mashine ya kufulia haitoi maji". Wewe majibu unayo, umeyatoa mara mia kwa mdomo. Andika ukurasa mmoja kwa kila tatizo kati ya yale matano unayokutana nayo zaidi. Kwa lile la jokofu lisilopoza, mweleze mteja kwanza ayakague yeye mwenyewe yasiyohitaji fundi: mlango kama unafunga vizuri, mpira wake kama haujapasuka, koili za nyuma kama hazijajaa vumbi, na kama jokofu limeachiwa nafasi ya kupumua ukutani. Mweleze dalili zinazoonyesha kwamba ni relei (swichi ya kuwashia mota) au kikandamizi (pampu ya gesi ya kupozea), na umwambie waziwazi lini ukarabati hauna maana kwa sababu gharama yake inakaribia ya kununua jipya.

Najua mafundi wengi husita hapo, wakiona kwamba ukimfundisha mteja kusafisha koili umejinyima kazi. Nimewasikiliza na siwaungi mkono. Yule aliyesafisha koili na jokofu likapoza atakukumbuka kama fundi aliyemsaidia bila kumtoza, na yule ambaye halikupoza amekwisha kusoma maelezo yako hadi chini, ambako namba yako ipo, na ana imani kwamba unajua unachokisema. Ukurasa huo utaendelea kusomwa miaka miwili ijayo bila wewe kuulipia tangazo tena.

Mahali unapofanyia kazi pataje kwa maandishi kwenye kila ukurasa, jina la biashara na namba viwe vimeandikwa kwa namna ile ile kila mahali ulipojisajili, na wasifu wako wa biashara kwenye ramani uelekeze kwenye tovuti yako. Kila mteja mpya akipiga simu, muulize alikupataje na uandike jibu lake, kwa kuwa kati ya wale waliosema "niliona jina lako mahali", baadhi waliliona huko huko.

Baada ya hapo mpe simu ndugu au rafiki asiyejua lolote kuhusu majokofu. Mwambie, bila kumsaidia, afungue tovuti yako, aeleze unatengeneza nini, unafanya kazi siku zipi, kisha akupigie. Kaa kando yake kimya na uangalie kidole chake kinakwama wapi. Anza kurekebisha hapo.